Hospitali inanikadiria uzito kwa macho kwa sababu natumia kiti mwendo!

Ndugu zangu, naandika nikiwa na hasira, wala siombi radhi kwa hilo. Katika hospitali ninayotibiwa, kila mgonjwa kabla ya kumwona daktari hupimwa presha, joto na uzito. Mimi ninayetumia kiti mwendo hupimwa presha na joto, kisha muuguzi hunitazama kuanzia kichwani hadi miguuni na kuandika kilo 65. Nilipohoji, nilijibiwa, "Kaka, mizani yetu ni ya kusimama. Kwani wewe unajikadiria ngapi?" Yaani mgonjwa abahatishe, na bahatisho lake liingie kwenye faili kana kwamba limesomwa kwenye mizani!

Nilichoshwa, nikaenda kupimwa kwenye ghala la mahindi, kwenye mizani ya magunia iliyobandikwa stika ya Wakala wa Vipimo. Nilipanda na kiti changu, mizani ikasoma kilo 71.5, wabeba mizigo wakanikalisha juu ya gunia, kiti kikapimwa peke yake pamoja na mto na mkoba wake, kikawa kilo 18.5. Kwa hiyo nina kilo 53. Hospitali ilinizidishia kilo 12.

Atakayesema hilo ni jambo dogo aangalie dawa zinavyotolewa. Katika miezi 2 ya kwanza ya matibabu ya kifua kikuu, mtu mzima mwenye kilo 40 hadi 54 humeza vidonge 3 vya mchanganyiko kwa siku, na mwenye kilo 55 hadi 70 humeza 4; kwa makadirio yale, ningekuwa naumwa ugonjwa huo ningemezeshwa kidonge kizima cha ziada kila siku. Sindano ya artesuneti kwa mtu mzima mwenye malaria kali nayo hukokotolewa kwa miligramu 2.4 kwa kila kilo. Isitoshe, mtu aliyepooza miguu husinyaa misuli ya mapaja huku kifua na mabega vikibaki vipana kwa kusukuma magurudumu, kwa hiyo jicho la muuguzi, hata awe mzoefu namna gani, hudanganyika. Akipungua mwili bila mtu kugundua, mifupa ya makalio hubaki bila nyama ya kuikinga, na vidonda vya mgandamizo haviko mbali.

Kinachotakiwa ni mizani pana ya jukwaa yenye mteremko wa kupandishia kiti, kitanda cha kumhamishia mgonjwa wakati kiti kinapimwa, na hesabu ya kutoa ambayo mtoto wa darasa la pili anaiweza. Msinishauri nibebwe mgongoni na mhudumu apande nami kwenye mizani ya kawaida: mimi ni mtu mzima mwenye heshima zangu.

Hapa Tanzania tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tangu mwaka 2010, na mwaka 2009 nchi yetu iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa unaotutaka tupewe huduma za afya za kiwango kilekile wanachopewa wengine. Basi hadi mizani itakaponunuliwa, muuguzi aandike "hajapimwa", ili daktari ajue kwamba hana kipimo mkononi. Anayeijua hospitali ya umma yenye mizani ya namna hii aitaje hapa pamoja na mkoa wake.