Riwaya ya mwanamke mkemia, nimpe mdogo wangu?

BintiMakulu: Wadau habari, nimemaliza Lessons in Chemistry ya Bonnie Garmus (2022), Elizabeth Zott ni mkemia California miaka ya 50 ila kazini wanamchukulia kama karani na bosi anachapisha utafiti wa Elizabeth kwa jina lake yeye bosi, imeniuma sana. Mdogo wangu anaanza kemia Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), nimpe au itamvunja moyo?

SampoYaUdongo: Mpe dada! Mi niko maabara, nimevaa koti jeupe na pipeti mkononi mgeni anaingia ananiuliza "mtaalamu yuko wapi", kikao kikianza chai nigawe mimi, na kijana niliyemfundisha kutumia pH mita (kipima asidi) amekaa tu. Bora ajue mapema.

BabaNeema: Mwambie kwanza kuna sehemu msimamizi wa Elizabeth chuoni anambaka, asikutane nayo ghafla. Na haya si ya hadithini tu, mwanasayansi Rosalind Franklin, picha yake ya DNA (chembe za urithi) mwanasayansi mwenzake James Watson alionyeshwa bila Rosalind kujua, Nobel ya 1962 ya ugunduzi huo wa DNA wakachukua wanaume watatu, Watson akiwemo, mwenyewe alishafariki 1958.

BintiMakulu: Asante baba Neema, hiyo ya msimamizi nitamwambia kabla. Akija wikendi tutaisoma pamoja.