Mabira au Kayunga?

*Mahujaji wa Namugongo – Jumuiya ya Mt. Karoli Lwanga, Busia*

Katekista: Tumsifu Yesu Kristu. Paroko anataka ratiba ya hija yetu ya miguu kwenda Namugongo, Uganda, Jumapili. Hadi Jinja hatuna ubishi: Bugiri, Iganga, Jinja. Busia–Bugiri inakaribia kilomita 50, hiyo tutaikata mara mbili. Sasa tukishavuka Nile kutoka Jinja hadi Njeru, kwenda Mukono tupite msitu wa Mabira au tuzunguke kwa Kayunga?

Mama Nekesa: Milele na milele, amina. Mimi Mabira sitaki. Malori yanakupita sikioni, msitu huku na huku, mvua ikinyesha pembeni panateleza unajikuta kwenye lami.

Ouma: Mama, Njeru–Kayunga–Mukono ni kilomita 94! Ya Mabira haifiki 70.

Mama Nekesa: 94 za amani, mwanangu.

Ouma: 94 za malengelenge 😂

Mzee Wafula: Ouma, heshima. Hebu tuhesabu kutoka mwisho. Tarehe 3 Juni, sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, alfajiri watu ni wengi mno, kwa hiyo tarehe 2 mchana tuwe Namugongo. Basi tarehe 1 tunalala Mukono.

Katekista: Kwa Mabira: 31 Mei Njeru–Lugazi, tarehe 1 Lugazi–Mukono, tarehe 2 kipande kifupi tu. Kwa Kayunga tutoke Njeru tarehe 30, na kila siku kilomita 30 na ushee.

Mama Atieno: Siku tatu za 30 mfululizo, baada ya kutoka Busia kwa miguu? Magoti yangu yamekataa hata kabla sijajibu.

Mzee Wafula: Mimi nasema Mabira, ila kwa masharti. Tusilale Jinja, tuvuke Nile jioni tulale Njeru. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi kukipambazuka tunaondoka, giza hapana. Mstari mmoja, upande wa kulia, gari uione ikija. Reflekta kila mtu. Na nyimbo tuzinyamazishe msituni.

Mama Atieno: Hija bila nyimbo, mzee?

Mzee Wafula: Rozari kimoyomoyo. Mkiimba hamsikii lori lililo nyuma likijaribu kulipita jingine. Soko la Najjembe tutapumzika, hapo imbeni mpaka wauza kuku wawakimbie.

Katekista: Atakayeogopa, gari la mizigo limchukue Njeru limshushe Lugazi.

Mama Nekesa: Nipande gari? Mashahidi walitembezwa kwa miguu kutoka Munyonyo hadi Namugongo!

Ouma: 1886 hakukuwa na malori, mama.

Mama Nekesa: Ndiyo maana nilisema Kayunga. Haya, Mabira. Lakini bendera naishika mimi, na mwendo ni wangu.

Katekista: Sawa. Kitambulisho na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, vya kuvukia mpaka, kila mtu anionyeshe Jumapili baada ya misa. Picha ya simu sitaki, lete kadi yenyewe.

Ouma: Kwa mwendo wa mama tutafika tarehe 5 😂😂

Mzee Wafula: Ouma, wewe utabeba sufuria.