Upasuaji wa kaakaa ni bure. Fedha tulizochanga tuzitumieje?

Mjomba wa Pongwe

Asalam aleikum ndugu zangu. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alizaliwa hapa Tanga akiwa na kaakaa lililo wazi, lakini mdomo wake ni mzima, na ndiyo maana tulichelewa kugundua; tulimwona tu maziwa yakimtoka puani kila anaponyonya, tukadhani ni pupa. Sasa ana miezi kumi na mitatu na amepangiwa upasuaji Dar es Salaam. Kabla hatujajua habari za wafadhili, majirani na waumini wa msikiti wetu walichanga shilingi 412,000, na daftari la majina ninalo mimi. Juzi tumeambiwa kwamba upasuaji unalipiwa na shirika la hisani, wala hatudaiwi hata senti. Shangazi yetu anashikilia kwamba fedha zirudishwe zote, kwa kuwa watu walitoa kwa ajili ya upasuaji na si kwa jambo jingine. Dada yangu amenyamaza, lakini mimi najua kwamba anaishi kwa kuuza maandazi, na siku asiyopika hana kitu. Naomba ushauri wa waliopitia njia hii.

Mama Muheza

Ndugu yangu, usirudishe kitu kabla hujapiga hesabu ya safari. Sisi nasi tulidhani neno "bure" limemaliza kila kitu. Tulifika Dar, mtoto akawa na mafua na kikohozi, na mtaalamu wa usingizi akakataa kumlaza mtoto ambaye kifua chake hakijatulia. Tukarudishwa nyumbani tusubiri apone. Nauli ya kwanza ikaenda hivyo hivyo, na ya pili nilikopa. Nakiri kwamba siku ile nilikasirika, lakini walikuwa na haki.

Kisha kuna siku za baada ya upasuaji, ambazo hakuna mtu aliyetueleza vizuri. Kwa wiki tatu hivi mtoto wetu alikula vya majimaji tu: uji laini uliochujwa, maziwa, mchuzi wa samaki usio na mwiba wala pilipili, na kila akimaliza anakunywa maji safi ili mabaki yasikae kwenye nyuzi. Kidole mdomoni ni marufuku. Tulikata karatasi ngumu ya boksi, tukaizungushia kipande cha kanga, tukamfunga viwikoni ili mikono isikunjike. Usiku alilia, mchana akajifunza kutuchapa nayo. Muda wote huo mimi sikwenda sokoni hata siku moja. Dada yako naye hatapika maandazi huku amempakata mgonjwa.

Muuguzi Mstaafu

Mwanangu, nikuongezee machache, maana nilifanya kazi wodi ya watoto kwa miaka mingi. Shirika kama Smile Train, lililoanzishwa mwaka 1999, huwawezesha madaktari wa nchi husika kufanya upasuaji huu bila kumtoza mzazi, na hospitali ya CCBRT pale Dar es Salaam ni miongoni mwa zilizofanya kazi hiyo. Kabla hamjasafiri, mpigieni simu afisa ustawi wa jamii wa hospitali mliyopangiwa, mkaulize kama nauli na malazi yamo katika ufadhili, kwa sababu mipango hutofautiana. Na mtu yeyote akiwaomba "kidogo" ili mtoto asogezwe mbele kwenye foleni, msimpe.

Umri wa mpwa wako ni mzuri, kwa sababu kaakaa hupendelewa kufungwa kati ya miezi tisa na kumi na minane, kabla matamshi hayajajijenga vibaya. Hewa ikivujia puani, herufi kama *b* na *p* hukosa nguvu, na "baba" husikika kama "mama". Nimewahi kumwona mzee mmoja akinuna kabisa kwa jambo hilo. Kushona hakumalizi kila kitu, kwani watoto wengine huhitaji mtaalamu wa tiba ya matamshi baadaye. Masikio nayo yapimwe, maana misuli ya kaakaa ndiyo inayosaidia kufungua mrija wa sikio, na watoto hawa mara nyingi hujaa majimaji nyuma ya ngoma ya sikio, wakaonekana wakaidi kumbe hawasikii vizuri. Kwa hiyo wekeni akiba ya safari za kurudi kliniki.

Bint Pangani

Nakubaliana nao juu ya mahitaji, lakini shangazi yenu asipuuzwe. Aliyetoa alitajiwa upasuaji, na ukibadilisha matumizi kimya kimya, maneno yatakufikia kabla basi halijafika Segera. Baada ya sala ya Ijumaa simama na daftari lako, eleza kwamba upasuaji umelipiwa, taja nauli, chakula na siku ambazo mama hatafanya biashara, kisha omba ruhusa. Anayetaka chake arudishiwe bila kuulizwa sababu.

Mjomba wa Pongwe

Nawashukuru sana. Nilisimama jana kama mlivyoelekeza. Watu wawili walichukua fedha zao, nami sikuwaandika popote. Waliobaki waliridhia, na mzee mmoja akauliza kwa nini nilikuwa nahangaika. Shangazi, ambaye alichanga elfu tano, ameamuru hiyo ya kwake inunue vikombe. Nilikwishachukua chenye mrija, lakini muuguzi wa kliniki akaniambia nikirudishe dukani, kwa kuwa mtoto hatakiwi kuvuta kitu mdomoni hadi kidonda kipone, nikanunua cha wazi. Afisa ustawi wa jamii amesema malazi ya mama yapo, nauli tujitegemee. Basi letu linaondoka Kange Jumatatu alfajiri, na hadi usiku huu mtoto hana mafua.