Bash: kigeu kinafika 37 ndani ya kitanzi, nje kinasoma 0

Muulizaji

Wakuu, naomba msaada. Nina skripti inayosoma logi ya bakapu za hifadhidata kila usiku. Ikikuta mstari wenye neno KOSA inaongeza hesabu, na hesabu ikizidi sifuri inanitumia ujumbe. Siku 9 zimepita bila ujumbe wowote, nikaamini bakapu ni nzima. Jana nimeifungua logi mwenyewe: makosa 37. Nimeshtuka sana, maana hizo ni data za watu.

```
#!/bin/bash
jumla=0
grep KOSA bakapu.log | while read -r mstari; do
  jumla=$((jumla + 1))
done
echo "$jumla"
```

Nikiweka echo ndani ya kitanzi naona 1, 2, 3 mpaka 37. Mara tu baada ya `done`, 0. Hakuna pengine ninapoigusa `jumla`. Nilihisi labda kitanzi kinaendeshwa na mchakato mwingine, nikachapisha `$$` (namba ya mchakato) ndani na nje: namba ni ileile. Halafu mistari hiyohiyo nikiibandika kwenye terminali ya Mac yangu, inatoa 37! Seva ni Linux, bash 5.

Jibu la 1

Weka `export jumla` juu kabisa, kabla ya kitanzi.

Muulizaji

Asante mkuu, nimejaribu sasa hivi. Bado 0.

Jibu la 2

Export haiwezi kusaidia hapa. Inampa mtoto (mchakato ulioanzishwa na sheli yako) nakala ya thamani. Mtoto akiibadilisha, mzazi haoni kitu. Na ndicho kinachokupata, maana hisia yako ya mwanzo ilikuwa sahihi, ila kipimo ndicho kilichokupoteza. Ndani ya sheli ndogo (subshell), ambayo ni mtoto wa aina hiyo, `$$` hubaki namba ya sheli mama. Chapisha `$BASHPID` badala yake, utaona namba mbili tofauti.

Bash huendesha kila amri iliyo kwenye bomba (alama `|`) ndani ya sheli yake ndogo. Ukiandika `grep ... | while`, kitanzi kizima kinaishi humo. `jumla` inayofika 37 ni nakala. Ikifika `done` sheli hiyo inakufa na nakala yake, nawe unabaki na ile 0 uliyoandika juu. Mac za tangu 2019 huja na zsh kama sheli ya kawaida, nayo huiendesha amri ya mwisho ya bomba kwenye sheli ileile uliyomo. Ksh hufanya hivyo pia. POSIX, kiwango cha pamoja cha sheli, inaruhusu njia zote mbili, kwa hiyo hakuna aliyekosea.

Liondoe bomba, kitanzi kibaki kwenye sheli yako:

```
while read -r mstari; do
  jumla=$((jumla + 1))
done < <(grep KOSA bakapu.log)
```

Acha nafasi kati ya `<` mbili hizo. Kama unachotaka ni idadi tu, `grep -c KOSA bakapu.log` inatosha bila kitanzi.

Muulizaji

37! Na `$BASHPID` kweli zimetofautiana. Kitanzi nakihitaji, kwa sababu nakusanya pia majina ya jedwali zilizoshindwa. Nimeona kuna `shopt -s lastpipe`, ya kuifanya amri ya mwisho ya bomba ibaki kwenye sheli mama, nikaijaribu kwenye terminali ya seva, haikubadilisha kitu. Kwa nini?

Jibu la 3

`lastpipe` (ipo tangu bash 4.2) hufanya kazi pale tu udhibiti wa kazi (job control) umezimwa. Kwenye terminali huwa umewashwa, kwenye skripti umezimwa. Iweke ndani ya skripti utaona tofauti. Binafsi napendelea `< <( )`, kwa kuwa anayesoma anaona palepale data inatoka wapi. Ila usije ukaiendesha kwa `sh skripti.sh`: kwenye Debian na Ubuntu `sh` ni dash, sheli nyingine, nayo italalamika kuhusu sintaksia.

Jibu la 2

Jambo moja kabla hujaondoka, na kwa skripti ya bakapu mimi naliona zito kuliko lile la mwanzo. Logi isipokuwepo kabisa, grep itashindwa, kitanzi hakitazunguka hata mara moja, na `jumla` itakuwa 0. Ukimya uleule! Grep hurudisha 0 ikipata, 1 isipopata, 2 ikiwa kuna hitilafu. Kuanzia bash 4.4 unaweza kuipata namba hiyo mara baada ya `done`:

```
wait $!
hali=$?
```

`hali` ikizidi 1, tuma ujumbe bila kujali hesabu.

Muulizaji

Nimeiongeza. Nikabadilisha jina la logi makusudi, nikaendesha skripti: `hali` ni 2, na ujumbe umeingia. Nimelirudisha jina, ukaingia mwingine wenye 37 na majina ya jedwali zote. Sasa naanza kuzichukua bakapu upya, jedwali moja moja.