Nimepata kazi Kumluca, Uturuki: maisha ya huko yakoje?

Mkulima wa Bahati (Nakuru)

Hamjambo nyote. Nimesimamia vivungulio vya nyanya na pilipili hoho hapa Bahati kwa miaka sita, na sasa mwenye shamba mmoja wa Kumluca, mji mdogo wa wakulima katika mkoa wa Antalya, ananitaka kuanzia Septemba. Katika picha alizonitumia, nailoni nyeupe imetanda kutoka miguuni pa milima hadi karibu na bahari, utadhani bonde zima limetandikwa shuka. Habari ya mshahara tumekwisha kuizungumza. Ninachoomba kujua ni jinsi siku yenyewe inavyokwenda: kazi, chakula, majirani, na Jumapili ya mtu anayesali.

Mwana wa Nyalenda (Kisumu)

Kaka, nilikaa huko misimu miwili. Kwanza hakikisha kibali cha kazi: mwajiri hukiomba kule, nawe unapeleka maombi yako katika ubalozi wa Uturuki, Nairobi. Akikuambia utangulie kwa viza ya utalii, usipande ndege.

Mwaka wao umepinduka ukilinganisha na wetu. Miche hupandwa joto la kiangazi linapoanza kupungua, uvunaji huendelea majira yote ya baridi hadi Juni, kisha mimea hung'olewa kwa sababu ndani ya nailoni hapakaliki. Julai familia nyingi hupanda milimani, kwenye makazi ya kiangazi wanayoyaita yayla, na mji hubaki na paka na wazee wa mkahawani.

Usiku wa Januari ndio utakaoukumbuka. Mzee niliyemfanyia kazi alining'iniza kipimajoto kwenye waya katikati ya nyanya, akawa analala na koti mwilini. Kiliposhuka hadi nyuzi 2 alinigongea dirisha, tukawasha jiko la kuni, na feni ikasukuma joto ndani ya mrija mrefu wa nailoni uliotobolewa matundu, uliolazwa kati ya matuta. Alfajiri tulikunywa chai isiyo na maziwa katika vibilauri vyembamba kiunoni, mikono ikinuka moshi na majani ya nyanya. Jirani akipita atakuambia «kolay gelsin», yaani kazi ikuwie nyepesi. Ni pole na kazi yetu kabisa, na usipoijibu utaonekana una kiburi.

Mama wa Chavakali (Vihiga)

Mwanangu, huyo kaka yako amesahau tumbo. Nilikaa Antalya mjini miaka mitatu, na ninakuhakikishia kwamba mkate huwekwa mezani kila mlo, hata penye wali. Hata hivyo unga wa mahindi unauzwa, unaitwa mısır unu, nao hutoa ugali wa kuridhisha ukipata ulio laini. Sokoni uliza pazı: ndiyo mboga ileile ambayo mama mboga wetu hutuuzia kwa jina la spinachi. Kuhusu ibada, kanisa la kale la Mtakatifu Nikolasi liko Demre, magharibi mwa Kumluca, lakini sasa ni makumbusho. Kwa ibada ya kila wiki itakubidi usafiri hadi Antalya mjini, takribani kilomita 90, kwa hiyo mwombe mwajiri Jumapili yako mapema, kabla ya kutia sahihi.

Mkulima wa Bahati (Nakuru)

Asanteni sana, nawe Mama shikamoo. Je, wana Tuta, yule kipepeo mdogo wa usiku ambaye viwavi wake hutoboa majani na matunda ya nyanya? Hapa kwetu msimu uliopita alinimalizia nusu ya mavuno.

Mwana wa Nyalenda (Kisumu)

Wanaye, tena aliwafikia kabla yetu: Uturuki aligunduliwa mwaka 2009, Kenya 2014. Tofauti ni kwamba wakulima wengi wa huko huweka ndani ya kivungulio maboksi ya nyuki wanene wa kununuliwa ili wachavushe nyanya, kwa hiyo huwezi kunyunyiza dawa kila unapoona kipepeo. Mitego ya kunata na nyavu za milangoni hutangulia. Ikilazimu dawa, mzee wangu alisubiri nyuki warudi jioni, akafunga tundu la boksi na kulitoa nje, ndipo aliposhika pampu.