Naomba ushauri: age uke (kinga ya juu ya karate) inaniumiza mkono

Ndugu zangu, niko Kampala, najifunza karate ya Shotokan, bado mkanda mweupe. Gedan barai ya kukinga chini naimudu kidogo, ila age uke inanitesa: kila ngumi ya usoni naipokea na mfupa, jioni kigasha kimevimba. Mwalimu anasema nisiizuie ngumi kwa nguvu tupu; nizungushe kigasha mwishoni, kikae mshazari juu ya paji la uso ili ngumi iteleze, na mkono mwingine urudi kiunoni. Peke yangu inatoka safi. Kwenye kumite, yaani kupambana na mwenzangu, weee, mkono wa kurudi nausahau kabisa!

Nianze kurekebisha nini: kiuno, umbali au wakati? Na hiyo ya kugongagonga vigasha viwe sugu, inasaidia kweli au ni kujiumiza bure?