Binti yangu anataka jina la Yoana wa Arc kwa Kipaimara, bibi yake amegoma

BabaWawili (Nianjema, Bagamoyo)

Habari za jioni ndugu zangu. Naomba msaada, na naomba msinicheke.

Binti yangu mkubwa yuko kidato cha pili, anapata Kipaimara mwezi ujao, na pale kila mtoto huchagua jina la mtakatifu. Wenzake wamechagua Cecilia, Agnes, Monika. Wangu kaja na Yoana wa Arc, yule msichana wa Ufaransa ya zamani aliyesema anasikia sauti za mbinguni, akaenda vitani. Alisoma habari zake kwenye kitabu cha kuazima, na tangu siku hiyo nyumba haina hadithi nyingine.

Mimi sina neno. Shida ni mama yangu, tunakaa naye na ndiye aliyemlea huyu mtoto. Juzi tukiwa kwenye mkeka tunakula, akasukuma sahani kando: "Huyo si ndiye maaskofu walimchoma moto kwa sababu ya kuvaa suruali? Sasa utakatifu kaupata wapi?" Binti akanitazama mimi. Mimi nikaitazama mboga.

Kwa hiyo nauliza. Ni kweli waliomchoma ni watu wa kanisa? Kama ni kweli, ilikuwaje baadaye? Na vitani huko alikuwa anaua watu? Maana hilo nalo bibi ataliuliza, namjua.

---

KijanaWaDunda

Kaka, bibi ana hoja. Halafu hajafika kwenye zile sauti bado. Binti wa miaka 17 leo akisema anaongea na malaika na anataka apewe jeshi, si tunamuwahisha hospitali?

Masalia yake yenyewe ni vituko. Kuna chupa ilikutwa Paris karne ya 19, imeandikwa kwamba ndani ni mabaki yake. Watafiti walipoipima, majibu ya 2007 yakasema ni vipande vya maiti iliyokaushwa ya Misri ya kale, na mfupa wa paka juu yake. Wa paka, jamani.

---

FundiMama

Mdogo wangu BabaWawili, nifikishie shikamoo kwa mama.

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko njia ya kwenda Misheni, na nguo za Kipaimara nashona mwaka wa kumi na tisa huu. Ya sauti namwachia Mungu na KijanaWaDunda. Mimi nitajibu upande wa nguo, kwa sababu kesi yenyewe iliishia kwenye nguo.

Yoana alizaliwa yapata 1412 Domrémy, kijiji cha wakulima mashariki ya Ufaransa. Kusoma hakujua. Kusokota uzi na kushona alijua, na mahakamani, katika mji wa Rouen uliokuwa mikononi mwa Waingereza, alijisifu kwamba kwa kazi hizo mbili haogopi mwanamke yeyote wa mji ule. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu kibandani, mteja akadhani namcheka yeye. Mtoto analala na pingu miguuni, mbele yake wamejaa wasomi wa sheria na teolojia, na bado anatetea mkono wake wa sindano! Hiyo ni lugha ya mafundi kabisa.

Suruali ya bibi inaanzia hapa. Mwaka 1429 alitoka Vaucouleurs kwenda Chinon kumwona Charles, mtoto wa mfalme wa Ufaransa, ampe jeshi la kupigana na Waingereza. Siku 11 njiani, katikati ya nchi ya adui, msichana mmoja na wanaume sita. Akakata nywele, akavaa kiume. Mama mwenyewe angemvalisha nini kwa safari ile? Kitenge?

Kuua: aliulizwa hilo mahakamani. Akasema bendera alikuwa anaibeba mwenyewe ili asimuue mtu, na hajapata kuua. Akasema tena kwamba bendera yake aliipenda mara arobaini kuliko upanga. Ya kitambaa cheupe, imeandikwa Yesu Maria. Kujeruhiwa alijeruhiwa yeye, mshale karibu na bega pale Orléans, mji uliokuwa umezingirwa na Waingereza, na siku ileile akarudi kwenye mapigano.

Sasa gerezani. Hati ya mashtaka inaeleza mavazi yake kama mimi ninavyoandika kwenye daftari la vipimo: suruali ndefu ya kubana, imeunganishwa na koti fupi kwa kamba ishirini. Wakati ule hakuna zipu wala lastiki. Kila kamba ina tundu lake na fundo lake. Nilikuwa na khaki iliyobaki kwenye sare za shule, nikatoboa matundu, nikafunga kamba za viatu ishirini, nikamwambia binti ninayemfundisha kazi afungue. Mchana kweupe, nguo imelala mezani, dakika zilienda na ukucha ukavunjika. Sasa weka giza, na mwenye nguo anapiga mateke na kupiga kelele.

Maana huyu hakuwekwa gereza la kanisa, ambako angelindwa na wanawake. Walimweka kwenye ngome ya Waingereza, walinzi ni askari wanaume, wengine wanalala chumba kilekile. Guillaume Manchon, karani mkuu aliyeandika kumbukumbu za kesi, alikuja kusema baadaye kwamba binti alikuwa akilalamika juu ya walinzi hao, na nguo zile zilikuwa kinga yake.

Tarehe 24 Mei 1431 walimtoa hadharani wakamtishia moto, akaweka alama kwenye karatasi ya kukana sauti zake na nguo za kiume. Akavalishwa gauni, akarudishwa kwa askari walewale. Walewale! Tarehe 28 wakamkuta na nguo za kiume, na akasema sauti zimerudi. Wakaita kurudia kosa. Tarehe 30 wakamchoma uwanja wa soko la zamani. Alikuwa na miaka kama 19.

Na hili mama alisikie kwa masikio yake: aliwahi kuwaambia wamshonee gauni refu hadi chini, lisilo na mkia wa kuburuta, alivae kwenda Misa, akirudi avae zake. Gauni hilo mimi nashona kwa siku moja. Misa yenyewe walimnyima.

---

MwalimuMstaafu

Fundi, hongera, hizo kamba umenifundisha. Naongeza ya darasani.

Vita ile wanaiita ya Miaka Mia, 1337 hadi 1453, na kiini chake ni nani mwenye haki ya kiti cha Ufaransa. Mkataba wa Troyes wa 1420 ulimnyima Charles urithi ukampa mfalme wa Uingereza. Yoana aliingia Orléans 29 Aprili 1429, Waingereza wakaondoka 8 Mei, na 17 Julai Charles akatawazwa Reims. Miezi mitatu kasoro. Ndiyo maana ilibidi aonekane mchawi: kama sauti ni za Mungu, basi haki ya mfalme wa Waingereza kwa kiti hicho ni batili.

Alikamatwa Compiègne 23 Mei 1430 na Waburgundi, yaani Wafaransa wa upande wa Waingereza, nao wakamuuza kwa Waingereza kwa livre 10,000, fedha za Ufaransa za wakati ule. Charles aliyevishwa taji kwa jasho lake hakumkomboa. Hapo mimi sijawahi kumsamehe.

Bibi hajakosea sana. Jaji mkuu alikuwa askofu, Pierre Cauchon wa Beauvais, mtu wa Waingereza. Mahakama ya kanisa ilimwita mzushi, ikamkabidhi kwa serikali, na serikali ilikuwa na haraka kiasi kwamba hata hukumu yake haikusomwa. Lakini kanisa hilohilo lilirudi kwenye faili. Mama yake, Isabelle, alikuwa mjane mzee. Novemba 1455 alikwenda Notre-Dame ya Paris, mbele ya wawakilishi wa Papa Calixtus III, akadai kesi ya mwanawe isikilizwe upya. Wakahojiwa wanakijiji wa Domrémy, askari aliopigana nao, na yule karani Manchon. Tarehe 7 Julai 1456 hukumu ikafutwa, Rouen kulekule.

Utakatifu ulichelewa: Mwenye Heri, ngazi ya mwisho kabla ya Mtakatifu, 1909, Mtakatifu 16 Mei 1920. Mapadre Wafaransa walipofungua Misheni yetu hapa 1868 alikuwa hajawa hata Mwenye Heri, kwa hiyo bibi asishangae kwamba wazee wa zamani hawakumpa mtoto somo huyu.

---

MzeeWaKaole

Mimi si wa dini yenu, ila napita nasoma. Mwalimu, umesahau majivu. Wakubwa wale waliamuru majivu yake yatupwe mto Seine, asibaki na kaburi. Sisi Kaole tunaishi na makaburi ya karne na karne, tunajua kwa nini mtu anaogopa kaburi la mwenzake. Bushiri bin Salim, Wajerumani walipomnyonga Pangani Desemba 1889, nao walidhani wamemaliza. Leo babu gani wa pwani hamjui Bushiri?

Mpeni mtoto jina lake.

---

KijanaWaDunda

Nimerudi kuomba radhi. Ile ya kamba ishirini sikuijua. Ya paka naiacha palepale.

---

BabaWawili

Asanteni sana, Mungu awalipe. Jana usiku nilimsomea mama yote, simu ikanifia katikati nikaendelea kwa simu ya binti.

Kwenye suruali hakusema kitu. Kwenye zile kamba aliacha kuchambua mchele. Nilipofika kwa Isabelle akanisimamisha. "Mama yake alikuwa hai?" Ndiyo. "Akangoja miaka mingapi?" Nikapiga hesabu, kutoka 1431 hadi 1455, nikamwambia ishirini na nne. Akanyamaza. Mnajua yeye alizika mwanawe wa kwanza, kaka yangu, na maneno yaliyosemwa msibani mpaka leo hayajamtoka.

Hajasema ndiyo. Ila leo asubuhi kamwambia binti, "Wewe Yoana, niletee maji." Binti alikimbia mpaka akamwaga nusu.

FundiMama, gauni refu hadi chini, lisilo na mkia, ni shilingi ngapi?

---

FundiMama

Tutaelewana, mlete kwanza. Aje Jumamosi baada ya adhuhuri, asubuhi nina sare za kwaya. Kitambaa msinunue kabla sijampima, maana watoto wa kidato cha pili wanarefuka kila wiki. Na bibi aje naye, nina kiti.